Kura ya Vikopo

"Simameni hapo hapo! Mtu asiweke mguu chini!"

Wajumbe watatu wa kamati ya hifadhi wakaganda. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye tumbo la heshima, alibaki na mguu mmoja hewani, amemshika bega mwenye hoteli asije akaanguka. Mkuu wa hifadhi alikuwa amepiga magoti njiani, kofia mkononi, kama mtu aliye msibani.

"Paa mweusi," alinong'ona. "Kapita alfajiri hii."

Kweli, tope lilikuwa na alama za kwato ndogo, zimepasuka katikati, zimejipanga hadi vichakani. Paa mweusi mwenyewe hakuwa ameonekana kwa miaka, lakini nyayo zake zilionekana kila wiki, na zilitosha. Watu walitoka mbali kuja kuzipiga picha. Hoteli pekee ya mji iliitwa Paa. Mwenyekiti alikuwa mlezi wa Chama cha Marafiki wa Paa, cheo kilichompeleka mikutanoni kwenye nchi ambazo zamani alizifundisha kwa ramani tu.

"Sasa mmejionea," Mkuu alisema akijipangusa magoti. "Mnyama anayeogopa hata chafya, halafu mtu mzima na akili zake anakuja na simu, anachakura vichakani kutafuta kikopo! Mchezo gani huo?"

Maneno hayo yalimlenga Mama Pua, mjumbe wa tatu na wa mwisho. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na ndiye aliyeuleta mchezo wenyewe mjini. Mtu anaficha kikopo chenye kikaratasi, anatangaza mahali pake mtandaoni, wenzake wanakitafuta kwa simu. Anayekipata anaandika jina lake na kukirudisha. Basi. Wachezaji walimwita Pua kwa sababu simu ikishindwa, yeye hunusa. Wiki nzima aliinamia cherehani akishona paa wa kitambaa wa kuuzwa langoni pa hifadhi, ambao ndio waliomlisha, na Jumamosi ndiyo siku pekee aliyoinua kichwa. Tangu mumewe afariki hakuwa na furaha nyingine, wala hakuona haya kuiambia kamati hivyo.

"Mkuu, sisi hatuvunji hata kijiti," alisema. "Tukishaondoka, huwezi kujua kama tulikuja."

"Huwezi kujua wewe. Paa anajua."

Mwenye hoteli akacheka cheko la kujipendekeza. Yeye alikwisha kusema ataunga mkono vikopo vipigwe marufuku hifadhini. Mtu wa vikopo huja na chupa yake ya maji na kurudi kwake jioni. Aliyekuwa bado anapima upepo ni mwenyekiti.

"Tuyamalize kwa macho," akasema. "Mama Pua, tafuta kimoja hapa hapa, sisi tukikutazama. Ukiharibu chochote, mchezo umekwisha. Usipoharibu, kura yangu ni yako."

"Mwenyekiti, kutoka njiani hakuruhusiwi..."

"Leo nimeruhusu mimi, Mkuu."

Mama Pua hakungoja aambiwe mara mbili. Simu ilimwelekeza chini kabisa, karibu na kijito, lakini aliitia mfukoni. Macho yake yalikuwa yamenasa gogo lenye uwazi, na jiwe lililokaa mdomoni mwake kwa namna ambayo mawe hayakai yenyewe. Akaenda kwa ncha za vidole, akiinua matawi badala ya kuyasukuma. Hakuna jani lililolia.

Mwenyekiti alishindwa kujizuia. Alimfuata, kwanza kwa adabu, kisha kwa magoti na viganja, suruali ya mikutano ikikiona cha moto. "Hapo, Mama! Kushoto! Ngoja, usikitoe, nikitoe mimi!" Hata mwenye hoteli alikuja hima, simu tayari kwa picha.

"Hapo hapana kikopo," Mkuu alisema kwa sauti iliyopanda ghafla. "Hapo pana nyoka."

"Nyoka gani anayefunga mlango kwa jiwe, baba?"

Mama Pua alikuwa akicheka. Kura ya mwenyekiti alikwisha kuitia kibindoni. Ilionekana usoni mwa mzee yule, uso uliojaa tope na raha. Jumamosi zake zilikuwa zimepona.

Akaliondoa jiwe. Ndani hamkuwa na kikopo bali sanduku la bati, limezungushiwa mpira ili maji yasipenye. Aliliangalia kwa wivu wa fundi. Aliyeficha hili alikuwa amemzidi. Mwenyekiti alilipakata kama mjukuu, akafungua kifuniko huku akichekelea.

Kicheko kiliishia njiani.

Ndani mlikuwa na jozi ya viatu vya mpira, vya mtu mzima. Chini ya kila soli zilipigiliwa kwato za mbao, zimepasuka katikati, zimechongwa kwa ustadi. Tope lake lilikuwa bado bichi.

Mwenye hoteli alirudisha simu mfukoni bila kupiga picha. Mkuu aliangalia ncha za buti zake.

Mwenyekiti alifunga kifuniko taratibu. Akalisukuma sanduku ndani ya gogo, akarudisha jiwe, hata akalizungusha kidogo likae kama lilivyokuwa. Kisha akakohoa, akanyoosha koti.

"Wanaounga mkono vikopo vipigwe marufuku, wanyooshe mkono."

Mikono yote mitatu ilipanda, na wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mama Pua.