Mwiko wa Viti

Katika klabu ya mtaani ya Hemen, Kolkata, watu wakitazama kriketi na wapigaji wa mwisho wa timu yao wakiwa uwanjani, hakuna anayeinuka kitini. Akiinuka mtu, mpigaji anatolewa. Hata mkojo hungoja.

Leo ndiyo ilikuwa mechi ya kuamua, siku ya tano na ya mwisho, na tangu asubuhi Hemen na rafiki yake walikuwa wakibishana kuhusu mrushaji mmoja mkongwe aliyepewa namba.

"Huyo babu yako angeachwa nyumbani alee wajukuu," Hemen alimchokoza, macho kwenye televisheni.

"Kweli, Hemen. Hapo umesema kweli."

Miaka thelathini na mbili, mtu huyu hajawahi kumkubalia Hemen hata neno moja.

Akageuka. Kikombe cha udongo kilikuwa kimelala mkononi mwa rafiki yake, chai ya moto ikimchuruzika pajani, naye wala hashtuki.

"Imebaki mikimbio mitatu tu!" mtu akafoka. "Asitikisike mtu!"

Hemen akainuka.

"Kaa chini, mkosi we!" ukumbi mzima ukamzomea.

Akamshika rafiki yake mabegani, akamtikisa.

"Nibishie," alisema. "Nibishie, ndugu yangu, nakuomba."