Turubai Moja

Eda ya talaka ilipokwisha, Sikudhani alimfuata Makame gatini akamwambia, "Ulinitoa kwetu kwa mashua. Utanirudisha kwa mashua."

Makame hakuinua uso. Safari ilikuwa ya siku kadhaa, kuteremka mto mpaka baharini kisha kuambaa pwani, na mashua ilikuwa ndogo, mtu akinyoosha mguu anamgusa mwenzake.

"Utakaa mbele kabisa," alisema. "Mimi nyuma, kwenye usukani. Sauti yako nisiisikie."

"Na maji ya kunywa?"

"Kila mtu na dumu lake."

"Usiku tutatia nanga wapi?"

"Popote pasipo na mtu wa kutuuliza habari."

Likabaki turubai. Lilikuwa moja tu, na mvua za huko mto unakoingia baharini hazina simile. Sikudhani alisema hatalala chini ya turubai moja na mtu aliyemwacha mbele ya wageni.

Makame alicheka, akamtupia kisu miguuni. "Kata basi. Tulowe wote."

Sikudhani akakiokota. Alitandaza turubai juu ya mawe, akaanza kulipasua, lakini upepo ulilikunja na mkato ukapinda, kipande chake kikaelekea kuwa chembamba kama mkanda.

"Unajipunja mwenyewe," Makame alisema kwa hasira. Kisha akapiga magoti upande wa pili, akashika ncha zote mbili, akavuta mpaka turubai likakaza.

"Kata sasa."

Sikudhani alishikilia kisu pale pale katikati, akiitazama mikono ile, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga turubai.