Saini ya Mlango wa Nyuma

Phiona alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la ndege, na sare yake yote na rangi ya mdomo, ameng'ang'ania suruali ya fundi Nduwayo.

Abiria wa Mumbai walikuwa bado getini. Zilibaki dakika ishirini waanze kupanda.

Balaa lilikuwa mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Puto lake, lile linalojaa upepo ili watu wateleze chini ndege ikipata ajali, lilikuwa limepasuka. Kipuri kikaagizwa, hakikuja. Ikabandikwa stika nyekundu: matengenezo yameahirishwa siku kumi. Zilipokwisha, ikabandikwa nyingine. Hii sasa ilikuwa ya tatu. Na kwa sheria, mlango ukiwa hivyo, viti kumi na vinne vilivyo jirani nao hufungwa utepe, asikae mtu.

Aliyegundua ubovu huo ni Phiona mwenyewe. Wahudumu wenzake walimwita Mama Ripoti. Saluni nzima ya mtaani kwake Kabeza ilijua jinsi alivyomwandikia bosi barua tano kuhusu mlango huo, na jinsi bosi alivyomjibu kwamba kama anaogopa kuruka, aende Masaka akalime nyanya.

Leo hakuandika barua. Aliomba. Alimkumbusha Nduwayo kwamba wamekula Krismasi mbili meza moja, kwamba ni yeye Phiona aliyempeleka mke wa Nduwayo kujifungua usiku ule wa mvua. Nduwayo alitazama pembeni.

"Dada Phiona, inuka. Watu wataona."

"Waone. Andika, kaka."

"Nikisaini hii, kesho mimi iko gerezani."

"Usiposaini kuna mtu atakufa. Na unajua."

Nduwayo alijua. Alikaa juu ya sanduku lake la vifaa kama mtu aliyezeeka ghafla, akavuta daftari la ndege, akaandika mstari mmoja, akasaini. Akashuka ngazi bila kuaga.

Phiona alifuta macho, akajipaka poda. Kisha akabandua ile stika, akang'oa utepe kiti hadi kiti, akampigia simu Pretty, mhudumu wa getini.

"Mlango umetengenezwa," alisema. "Viti kumi na vinne viko wazi. Kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi, anza na mwanangu Ganza. Daktari alisema moyo wake hautafika wiki ijayo."