Jiko Lililogoma Kuwaka

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, jiko la nyumba yoyote haliwaki mpaka kila anayeishi humo asimame mbele ya kioo cha bafuni, kimkague matiti kama yana saratani.

Mimi nilijifungia chumbani. Nilizaliwa binti, sasa ni mwanamume mwenye ndevu zangu, na matiti niliyatoa miaka sita iliyopita. Kioo kinanitafutia nini?

"Mbaraka!" mama aliita. "Maandazi yameshaumuka, jiko limegoma kwa sababu yako!"

"Mama, mimi sina matiti!"

"Daktari alisema kuna nyama imebaki chini ya ngozi. Kioo hakijali ndevu zako."

Nilifungua mlango. Baba, Mzee Kombo, aliyetangulia kukaguliwa, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Hata mimi nimesimama pale, mwanangu. Nenda bwana, tuna njaa."

Nikaenda bafuni, nikavua fulana. Kioo kilipitisha mwanga taratibu juu ya makovu yangu, kisha kikasema, "Asante, Bwana Mbaraka. Uko salama."

Nilitoka nikicheza. Wakanipigia makofi, mama akabonyeza kitufe cha jiko.

Halikuwaka.

"Mzee Kombo," kioo kiliita kwa upole, "naomba urudi nikuangalie tena."

Baba alikuwa bado anacheka alipoanza kufungua vifungo.