Ukucha wa Mkuu wa Maabara

Nilikipindua kichupa cha kioo, mdomo ukaangalia chini, na ute wa ndani haukudondoka.

Kipimo chetu ndicho hicho. Dripu ikiwa na sumu ya bakteria, kichupani huganda ute. Ikiwa safi, hubaki maji. Ila ute huo ukiguswa vibaya huvunjika, na ukishavunjika hauna tofauti na maji.

“Mkuu, imeganda,” nilisema.

Mkuu wa maabara alikipokea taratibu, kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Akakigonga kwa ukucha. Ute ukateleza wote.

“Imeganda wapi, dada yangu? Mbona inatiririka?”

Tulipokuwa tunachagua njia ya kupimia, mimi nilipigania mashine, ile inayopima yenyewe na kuhifadhi majibu. Yeye akacheka: “Mashine ya nini, na macho hayana pazia?” Nikadhani ni ubahili wake wa siku zote.

“Andika safi,” akasema sasa. “Wodi ya watoto inasubiri.”

Akanirudishia kichupa. Kucha zake zote zilikuwa zimekatwa fupi, isipokuwa ule mmoja.