Nyasi za Mwisho

"Fungua, dada. Ng'ombe wangu wanakufa nikiwaangalia."

Mtunza ndege alishika komeo la lango bila kulivuta. Nyuma yake kulikuwa na kipande pekee cha nyasi ndefu ambacho kiangazi hakijakimaliza. Humo vifaranga wa kwale, ambao bado hawawezi kuruka, walipata wadudu wa kula na pa kujificha mwewe asiwaone. Kwingine kote kulikuwa vumbi tupu.

"Wakiingia, vifaranga hawaponi."

"Na wanangu je?" mdogo wake aliuliza. "Wewe ni shangazi yao. Unawapima na ndege?"

Ndama mmoja alipiga magoti, akaanza kulamba ubao wa lango. Alipojaribu kuinuka, miguu ilimkataa. Mdogo wake alijifuta macho, akageukia pembeni.

Mtunza ndege akavuta komeo. "Washike kwanza. Niwatoe vifaranga."

Aliingia mbio akipiga makofi na kupiga kelele ili watawanyike. Hakuna aliyekimbia. Kwa hofu walijibana ardhini, kama walivyozaliwa kufanya. Akapiga magoti, akapapasa mashina ya nyasi, akampata mmoja, mwepesi kama pamba, moyo ukimdunda kiganjani. Akamtia kwenye upindo wa gauni. Akapata mwingine.

"Wazuie!"

"Siwezi, dada! Wameshasikia harufu ya majani! Toka hapo!"

Ardhi ilianza kutetemeka. Mtunza ndege alitazama nyasi ambazo hajazipapasa, akajilaza juu yake kwa viwiko na magoti asiwaponde waliobaki, akafumba macho.