Zawadi ya Wifi

Bi harusi Tabu alijifunga kanga mpya aliyozawadiwa na wifi yake, na kabla hajamaliza kusukwa, mgongo mzima ulikuwa umevimba kwa kujikuna. Wifi mwenyewe, Mwanaheri, akaja na mwanawe mgongoni, mkononi bakuli la majivu yaliyokwisha chekechwa.

"Usioge, wifi. Upupu ukipata maji unazidi."

Hakuna aliyekuwa ametaja upupu. Tabu alivua kanga, akainama, akasuguliwa mpaka majivu yakaisha.

"Ahsante, wifi," alisema. "Mikono imekuchafuka, nenda kanawe. Mtoto niachie mimi."

Mwanaheri akamshusha mtoto. Tabu akampakata, akaivuta ile kanga kutoka sakafuni, akaikunjua taratibu.